Baba Alivyoikubali Ruzuku ya Bucha

Bucha ya Vondracek,
S.L.P. 41,
Tabor Flats, Nebraska.
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Marlys,

Habari za huko kisiwani? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji yangu Wade pamoja na watoto, na kwamba mvua zenu zimewaachia walau siku moja ya kuanika nguo. Je, kile kikohozi cha Tessa kimepona? Na Corbin ameota meno mapya au bado anatabasamu na pengo lake?

Sisi huku hatujambo. Baba hajambo kabisa. Anakula, anabisha, analala kitini baada ya chakula cha mchana kisha anakana kwamba alilala. Orrin wangu hajambo isipokuwa goti. Mimi mwenyewe mzima, nimenenepa kidogo, na hilo nakuomba libaki kati yetu. Yule paka wa Mama mwenye jicho moja bado yupo, na kila mwaka tunasema huu ndio wa mwisho.

Nyanya zimezaa mwaka huu hadi nimezichoka. Nimejaza chupa sitini na bado zinaniangalia kutoka dirishani. Mahindi yanaanza kukauka, na mvua ya Agosti imewapendeza wote isipokuwa wale ambao hawajawahi kupendezwa na kitu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita uliponiuliza kwenye simu bucha inaendeleaje, nilikujibu "nzuri tu," kwa sababu Baba alikuwa amekaa pale pale anasikiliza. Nilipokata simu nikajiona mnyimi. Mambo yaliyotokea kwenye bucha hii hayatoshi kwenye simu, na mengine nilikuficha kwa makusudi, maana ulikuwa na mtoto mchanga na sikutaka ukose usingizi kwa mambo ya nyumbani. Leo nimetoka misa, wanaume wanatazama mpira, nina birika zima la kahawa peke yangu. Nitakueleza yote. Kaa kitako.

Kwanza nikuungamie. Miaka miwili na nusu iliyopita, mimi na Orrin tulikuwa tumeamua kufunga bucha.

Unajua sheria yetu ilivyo. Bucha isiyo na mkaguzi wa serikali inamchinjia mtu ng'ombe wake, ale yeye na watu wa nyumbani kwake, basi. Haiwezi kuuza hata kipande kimoja kwa duka, kwa hoteli, wala kwa mpita njia. Wewe mwenyewe ulipokuwa msichana uligonga ule muhuri wa HAIUZWI juu ya kila kifurushi hadi vidole vikawa vyeusi. Kazi tulikuwa nayo, tena tele. Watu walikuwa wakisubiri zamu miezi kumi na minne. Lakini mashine ya chumba cha baridi aliinunua Babu, na Orrin alikuwa akiibembeleza kila siku kama mgonjwa. Sakafu ilikuwa imepasuka. Kupanua hatukuweza, na kuendelea vile vile hatukuweza. Tukasema tutafika Krismasi, kisha tufunge, na Baba tutamwambia baada ya sikukuu. Kila nikimwona ananoa visu vyake asubuhi nilikuwa natoka nje nijifanye nina kazi uani.

Mwezi wa pili mwaka ule akaja Twyla Sedlak. Jerome wake alikuwa amefariki vuli iliyotangulia, sijui kama nilikuambia. Alianguka akiwa anarekebisha ua, akiwa na miaka hamsini na tatu tu. Twyla akaachwa na ng'ombe wazuri mno, wale weusi wa Jerome, na wanunuzi wakubwa wanampa bei ya dharau kwa sababu ni mjane na ana ng'ombe wachache. Alikuwa amepata watu kule Lincoln, mahoteli na familia, waliotaka kununua nyama yake moja kwa moja. Kilichokosekana ni mahali pa kuchinjia penye mkaguzi. Bucha ya aina hiyo iliyokuwa karibu iko mwendo wa saa nne, nayo ilikuwa imefungwa mwezi ule ule.

Akasimama kwenye kaunta yetu na koti lake la kazini, hakulia. Akasema, "Ilene, kama hakuna njia, Machi nawapeleka wote mnadani. Na baada ya ng'ombe, shamba la nini tena?"

Akanunua mfupa wa mbwa. Alipofika mlangoni akarudi, akatoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye kaunta. Ilikuwa tangazo kutoka Idara ya Kilimo. Serikali inatoa ruzuku kwa mabucha madogo ya ng'ombe, yale yanayojitegemea, yasiyo mali ya makampuni makubwa, ili yapanuke na kupata ukaguzi.

"Soma," akasema. "Sikuombi kitu kingine."

Nikasoma. Nikamsomea Orrin, akasema, "Hii imeandikwa kwa ajili yetu. Tatizo ni moja tu, na liko nyumbani linakula uji wa shayiri."

Maana jengo, ardhi, hata choo, vyote viko kwa jina la Ladislav Vondracek, na bila sahihi yake hakuna kitu. Na wewe unaijua hadithi ya Baba na serikali kama unavyoijua Baba Yetu. Mwaka 1974 alivyomshika mkaguzi kola, akamsindikiza hadi kwenye gari lake, akamrushia kofia yake dirishani, na kuanzia siku ile hakuna mtu wa serikali aliyekanyaga machinjioni kwetu. Tumeisikia kwenye kila harusi na kila matanga. Ukiwa mdogo ulikuwa ukimwomba airudie pale penye kofia.

Basi nikaandika maombi kwa siri. Wiki saba, kila alfajiri kabla ya kufungua. Hujawahi kuona maswali kama yale. Walitaka kujua maji machafu yanakwenda wapi, ng'ombe wangapi kwa wiki, nani anafanya nini, wafugaji wangapi watafaidika na wako umbali gani. Twyla alizunguka shamba hadi shamba na ile pikapu ya Jerome akaniletea barua thelathini na moja za majirani. Mzee Kovar aliandika sentensi moja tu: "Wapeni Vondracek ruzuku kabla sijafa." Nikaiambatanisha hivyo hivyo.

Alhamisi moja nikakimbilia parokiani kusaidia kukanda unga wa kolache, vile vimkate vyetu vitamu, kwa mnada wa kanisa, nikayasahau maombi juu ya meza ya jikoni. Yote. Nikakumbuka nikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Nikarudi nyumbani mbio, nisiseme hata kwaheri.

Baba alikuwa amekaa mezani, miwani puani, penseli mkononi, kurasa zimetandazwa hadi kwenye bakuli la sukari.

"Ilene," akasema bila kuinua macho, "nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi, Baba."

"Eti reli ya kulabu ina urefu wa futi arobaini. Arobaini! Ni arobaini na sita. Niliifunga mwenyewe na baba yangu, mvua ya mawe inapiga bati. Futi zangu sita umezipeleka wapi?"

"Baba, nilitaka kukueleza..."

"Na hapa. Eti tukipata mashine mpya tutachinja ng'ombe kumi kwa wiki. Kumi! Kumi na wanane, ukiwa na watu wawili wenye akili na reli inayozunguka. Watu wa serikali wakisoma hivi si watadhani tunacheza? Nipe kifutio."

Nikampa kifutio. Ningefanya nini, mdogo wangu?

Siku tatu nzima hakutoka jikoni isipokuwa kwenda kulala. Alichora machinjio upya, na mishale ya kuonyesha mtu anapita wapi na nyama inapita wapi ili visikutane. Akaandika kurasa nne kwa penseli kuhusu safari ya ng'ombe kutoka zizini hadi chumba cha baridi, hatua kwa hatua. Mahali pamoja aliandika hivi, na mimi nikapiga chapa bila kubadili neno: "Ukimtisha ng'ombe kabla ya kumchinja, nyama inakuwa nyeusi na ngumu, na aliyemtisha apewe hiyo ale." Orrin alikuwa anapita dirishani kila saa kuchungulia, anarudi kwangu anasema kwa kunong'ona, "Bado anaandika!" kama mtu anayeona ndege wa ajabu.

Jumapili mchana akafika ukurasa wa mwisho, ule wa sahihi. Akaweka penseli chini.

Nikajikaza. "Baba, najua unavyowachukia. Lakini..."

"Simchukii mtu," akasema.

"Na yule wa mwaka sabini na nne?"

Akavua miwani akaifuta na shati. "Sikumfukuza," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Sikumfukuza, Ilene. Alikuwa mtu mpole, alikuja na sandwichi yake kwenye karatasi. Alisema mfereji wa sakafu umeoza na nijenge choo cha pili, na alikuwa na haki, ulinuka kweli. Akanipa miezi sita. Akanipa mkono tukaagana. Mimi sikuwa na hela. Mama yenu alikuwa na mimba yako, baba yangu ndiyo kwanza amenikabidhi bucha, mimi ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa na mfereji? Nikasema nimemfukuza. Watu wakacheka, wakanipiga mgongoni. Nikaongeza ile ya kofia. Baadaye ikanoga, nikashindwa kuirudisha."

Marlys! Miaka hamsini! Nilicheka hadi nikalia, na kulia kwenyewe sikujua kulianzia wapi. Nilikuwa nimemwogopa mzee wangu kwa kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na yeye wakati wote huo alikuwa amebeba aibu ya mfereji peke yake. Baba naye akaanza kucheka, kule kwa kutikisika mabega bila sauti. Akasema, "Mama yenu alijua. Kila nikifika pale pa kofia alikuwa ananitazama tu." Nikamkumbuka Mama na ule mtazamo wake, nikacheka tena.

Kisha akasema, "Wakati ule hapakuwa na mtu wa kunipa hela ya mfereji. Sasa yupo, halafu nimnunie? Lete kalamu. Penseli hawaikubali." Akatia sahihi, jina zima, kwa mwandiko wa shule ya masista. Ukurasa ukabaki na alama ya jamu ya plamu. Nikautuma hivyo hivyo.

Tukasubiri majira ya joto, tukasubiri vuli. Baba alikuwa anakwenda posta kila siku ingawa nilimweleza kwamba majibu yatakuja kwenye kompyuta. Mashine ya Babu iliharibika mara mbili, na mara ya pili majirani walibeba nyama yote ikagawanywa kwenye mafriza ya watu saba hadi mashine ipone. Ikawa Novemba. Nilikuwa nakata mbavu nikasikia simu inatetemeka mfukoni, nikavua glavu, nikasoma mara mbili. Nikamwita Orrin. Akasoma, akakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Hakuinuka.

Baba alipoambiwa akauliza swali moja tu. "Wamesema nini kuhusu kurasa zangu?" Na kweli walikuwa wamesema! Barua yao ilisifu "maelezo ya wazi na ya kina ya mtiririko wa kazi." Baba aliomba nimpigie chapa sentensi hiyo kwa herufi kubwa. Imebandikwa kwenye friji, chini ya picha ya ubatizo wa Corbin.

Ruzuku haikubebei mzigo wote, unachangia na wewe. Sehemu yetu ilitoka kwenye trela tuliyouza na akiba ya Orrin, na sijutii. Mwaka mzima wa 2023 ulikuwa wa saruji na vumbi. Sasa ukija hutaijua. Chumba cha baridi kikubwa kama ukumbi wa parokia, reli inayozunguka, sakafu isiyo na ufa, na ule mfereji, Marlys, chuma cha pua mwanzo hadi mwisho. Baba alimwaga ndoo ya maji akaufuata kwa miguu hadi yanapoishia. Kwa sheria mkaguzi lazima apewe ofisi yake na choo. Baba alikikagua kabla ya mtu yeyote, akatoka amekasirika. "Mimi miaka yote natumia cha uani, mkaguzi anapewa chenye feni!" Sasa anakitumia mkaguzi akiwa hayupo. Anadhani hatujui.

Ikaja siku yenyewe, Jumanne ya tarehe sita Agosti. Ng'ombe wa kwanza alikuwa maksai wa Twyla, hakuna aliyebishana juu ya hilo. Saa kumi na mbili asubuhi Baba alishasimama mlangoni na koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kofia ngumu kichwani, kama anasubiri askofu.

Mkaguzi akaja. Tulitegemea mwanamume. Akashuka msichana mfupi, hajafika miaka thelathini, Yesenia Barraza, nywele amezifunga vizuri ndani ya wavu, tochi kiunoni. Akatusalimia mmoja mmoja. Baba alikuwa ametayarisha hotuba ya kumkaribisha, akaisahau yote, akasema, "Choo kiko pale."

Akaanza kuzunguka. Kuta, kulabu, taa. Akafika kwenye maji ya moto ya kusafishia visu, akachovya kipimajoto, akasubiri, akakisoma. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Simamisheni kazi. Haya maji ni nyuzi mia na sitini na nane za Farenhaiti. Sheria ni mia na themanini."

Maksai yuko zizini, Twyla yuko nyuma ya kioo amefumbata mikono, Orrin ameshika kisu hewani. Wote tukamgeukia Baba. Nikaona shingo yake inakuwa nyekundu, nikasema moyoni, haya, sasa hadithi ya kofia inatokea kweli.

Baba akasogea, akainama, akakisoma kipimajoto mwenyewe. Akasimama wima.

"Orrin," akasema, "umesikia au masikio nayo yana ugonjwa wa goti? Mkaguzi kasema mia na themanini." Kisha akamgeukia yule msichana. "Na ungeyaacha yapite, binti, ningekuandikia barua kwa wakubwa wako."

"Ningestahili, mzee," akajibu.

Tulisubiri dakika arobaini maji yapate moto. Baba akamletea kolache za plamu. Alikula mbili nje kwenye benchi, Baba anamhoji kama padre. Kumbe ni mtoto wa watu waliofanya kazi maisha yao yote kwenye kiwanda kikubwa cha nyama huko kwao.

Kazi ikaanza. Maksai alitembea kwa utulivu kabisa, Twyla mwenyewe ndiye aliyemwongoza akimwita jina. Sitakueleza yote, uliyaona tangu utotoni. Ila ini lilipowekwa kwenye meza, Yesenia akaanza kulipapasa polepole, na Baba, amesimama hatua nne nyuma, akanyoosha shingo. Wakasema kwa pamoja, "Chini, kushoto." Akapasua pale pale. Jipu dogo, si kubwa kuliko punje ya mbaazi. Ini likatupwa. Nyama yote iliyobaki ilikuwa safi kama siku ya kwanza.

"Nani kakufundisha kuona hivyo?" Baba akauliza.

"Baba yangu. Alisimama kwenye meza ya maini miaka ishirini na miwili."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Utampelekea kolache," akasema. "Zile za mbegu za popi, za plamu zinachuruzika garini."

Kisha Yesenia akachukua muhuri wa duara wa ukaguzi, akauchovya kwenye wino wa buluu, akaugonga ubavuni mwa nyama, pa! na upande wa pili, pa! Nilikuwa nimeshaona vifurushi elfu na elfu vimeandikwa HAIUZWI, na sikujua neno lile lilikuwa limenilemea kiasi gani hadi nilipoona lile duara la buluu. Twyla aliweka paji la uso kwenye kioo. Akasema, "Jerome angepiga mluzi." Basi Orrin, ambaye hajui kupiga mluzi, akajaribu, ikatoka hewa na mate, tukacheka wote tukiwa na machozi. Baadaye alisema ni dawa ya kusafishia sakafu ndiyo iliyomchoma macho.

Tangu siku ile hatujapumzika, nami sitaki kupumzika. Twyla hakuuza shamba. Nyama yake inakwenda Lincoln kila wiki mbili, jina la Jerome liko kwenye lebo. Tumeajiri watu wawili, na mmoja ni mjukuu wa Kovar, msichana mwenye mkono mwepesi wa kisu kuliko sisi sote. Kovar mwenyewe yungali hai na anadai ruzuku ilikuja kwa ajili ya barua yake.

Nikueleze la juzi Ijumaa, halafu nikuache ukapumzike. Bernita, mpishi wa shule ya msingi, alikuwa amenipigia mwishoni mwa Agosti. Watoto wa hapa wanapita kando ya ng'ombe kila asubuhi wakienda shule, halafu mchana wanapewa nyama iliyosafiri kwenye barafu kutoka sijui wapi. Akauliza kama sasa anaweza kununua kwetu. Nikamwambia anaweza. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kwanza, na shule ikamwalika Baba.

Alivaa tai. Wakamkalisha kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, sinia la plastiki mbele yake, mkate wa nyama ya kusaga, mahindi, maziwa ya boksi. Ukumbi mzima unapiga kelele kwa kutafuna. Baba hakula. Alikuwa anawatazama tu, meza hadi meza, midomo inasogea kidogo. Nilidhani anasali. Kumbe anahesabu sahani zilizokwisha.

Mbele yake alikaa kibinti cha darasa la pili hivi, misuko miwili ya nywele, nyama yake ameila nusu. Akamtazama Baba sana, kisha akauliza kwa sauti ambayo Bernita aliisikia jikoni, "Babu, ni wewe uliyemuua huyu ng'ombe?"

Mwalimu akataka kuingilia. Baba akainua mkono kumzuia.

"Ni sisi," akasema. "Alikuwa anaitwa Domino, hakupiga teke hata moja, na hakuogopa. Sasa wewe usimwache kwenye sahani."

Kile kibinti kikafikiri. Kikaitazama nyama yake. "Asante, Domino," kikasema, kikamaliza, kikanyoosha sahani kuomba nyingine. Ndipo Baba akakunja mikono ya shati na kuanza kula.

Basi, mdogo wangu, mabusu yangu mengi kwa Tessa na Corbin. Waambie mama yao mkubwa anataka picha zao, si za samaki. Msalimie Wade, mwambie Orrin bado anaikumbuka ile safari ya kuvua salmoni na anaidai nyingine. Twyla, Bernita na mzee Kovar wanakusalimia. Padre amekuombea leo kwa jina misani, akakosea akasema Marlene, lakini Mungu amekuelewa. Baba anasema Krismasi njooni wote, chumba kiko, na magodoro amekwisha kuyaanika juani tangu Jumatano, ingawa ni Septemba.

Mungu awalinde katika bahari yenu na baridi yenu, awape siha na kicheko, na atukutanishe sote kwenye meza moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa huna meno,

Ilene